Kengele na Kabati la Ngazini

Zamani kabati lilipanda ghorofani kwa mabega ya wanaume sita na sauti ya mtu mmoja, na mtaa mzima ukajua nani kapata kabati. Siku hizi linakuja vipande vipande ndani ya boksi, limetengenezwa kwa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, na anayelileta ni kijana aliyeziba masikio, anayelitua mlangoni kama anayelitupa na kuondoka bila hata kuuliza habari za asubuhi.

Katika enzi hizo za mabega alikuwepo mchukuzi mmoja ambaye hakuwahi kuchukua kitu. Watu walimwita Kengele. Alikuwa mwembamba, shati likimkaa kana kwamba limetundikwa msumarini, lakini kooni Mungu alimwekea tarumbeta. Kazi yake ilikuwa kuita mzigo. Kundi lilipozunguka sefu, au mashine ya kusaga, au kitanda cha chuma, yeye alisimama kando, mikono mgongoni, akavuta pumzi na kuita:

"Tupo?"

"Tupo!"

"Tukoje?"

"Kitu kimoja!"

"Haya… pa!"

Kwenye ile pa mabega yote yalisukuma kwa mpigo mmoja, na mzigo ukasogea. Bila yeye kila mtu alisukuma kwa wakati wake, huyu sasa, yule baadaye, na mzigo ukabaki unawatazama. Wachukuzi walikuwa na sheria yao, ambayo leo ukiieleza watu wanacheka: mzigo mmoja, sauti moja. Ukishaweka bega kwenye mzigo na ukasikia kuna anayeita, huulizi ni nani wala katoka wapi. Unaitika, unasukuma. Na ukiwa begani, husemi neno jingine lolote, si swali, si utani, si salamu. Sasa hivi mtu anasukuma kwa mkono mmoja na kuongea na simu kwa mkono wa pili, halafu wanashangaa vioo vinavunjika.

Kengele aliipata kazi hii shuleni, ingawa mwalimu hakukusudia. Alikuwa mwalimu wa sayansi, mtu wa kaptura iliyopigwa pasi hata ingeweza kusimama yenyewe. Siku moja alisema, "Kani ni kusukuma au kuvuta. Hakuna ya tatu," akatoa darasa zima nje na kulipanga kwenye ukuta wa shule. "Sukumeni!" Kengele, kwa kifua chake cha kifaranga, akaambiwa akae pembeni awaitie wenzake. Akaita mpaka walimu wa madarasa mengine wakatoka nje. Ukuta haukusogea.

"Mmeusukuma?" mwalimu akauliza.

"Ndiyo, mwalimu!"

"Basi na wenyewe umewasukuma nyinyi, kwa nguvu ileile, upande wa pili. Ndiyo maana viganja vinauma."

Watoto wakarudi nyumbani na habari hiyo. Kesho yake mzazi mmoja akaja na fimbo, akataka aonyeshwe ukuta unaosukuma watoto wa watu. Mwalimu akampeleka. Mzazi akausukuma, akasikia kweli unamsukuma, akaridhika, na siku hiyohiyo akamhamisha mwanawe shule.

Elimu ya Kengele iliishia karibu na ukuta huo, maana nyumbani hapakuwa na wa kumsomesha zaidi. Lakini maneno ya mwalimu hayakumtoka: kitu kilichotulia hupenda kutulia, na kilichoanza kwenda hupenda kuendelea kwenda, mpaka kani ya nje iingilie kati. Kila aliposimama kando ya kundi lake, aliamini moyoni kwamba wale sita na mzigo wao ni kitu kimoja kilichotulia, na kani ya nje ni yeye.

Mkewe hakuwa na imani hiyo. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache kwa sababu muda wote alibana pini midomoni.

"Baba watoto," alimwuliza kila asubuhi, "leo unakwenda kupiga kelele wapi?"

"Siendi kupiga kelele. Nakwenda kuita."

"Muuza samaki naye anaita. Tofauti yenu, yeye ana samaki."

Kaka wa mwanamke huyo, shemeji yake Kengele, alikuwa mchukuzi pia na kwa miaka mingi walifanya kazi kundi moja. Yeye walimwita Kigingi, kwa sababu ndiye aliyefuata nyuma ya mzigo na kipande cha gogo, na kila mzigo ulipopanda hatua moja aliingiza gogo chini yake usirudi. Walipendana kama mkono na glavu. Kisha siku moja, kwenye harusi ya watu isiyowahusu, Kigingi akashiba, akasema mbele ya wageni:

"Mzigo haupandi kwa kelele. Haupandi hata kwa nguvu. Unapanda kwa sababu haurudi, na anayeuzuia usirudi ni mimi."

"Kumbe!" akajibu Kengele. "Basi lile jiwe linalozuia mlango wangu ndilo baba mwenye nyumba."

Watu wakacheka sana. Kigingi akanawa mikono, akaondoka, na juma lile akaanzisha kundi lake mwenyewe. Hawakusemeshana tena. Mke wa Kengele akawa anapeleka salamu kwa kaka yake kimyakimya, na kurudi na salamu ambazo Kengele alijifanya hazisikii.

Ndipo tajiri aliyewaajiri akina Kengele akazeeka, na mwanawe akashika kazi. Kijana huyu alisoma, tena alisoma kweli, wala hakuwa mtu mbaya. Alinunua winchi ya kuvutia mizigo kwa kamba, akaiweka katikati ya ua imefunikwa turubai kama bibi harusi, kisha akamwita Kengele.

"Mzee, nakuheshimu kama baba yangu. Lakini nieleze. Kani ni kusukuma au kuvuta, sivyo?"

"Ndivyo."

"Wewe unasukuma?"

"Sisukumi."

"Unavuta?"

"Sivuti."

"Sasa unafanya nini?"

Kengele akafikiri. "Ninawafanya wawe mmoja."

Kijana akashusha pumzi. "Haya. Kesho kuna kabati la kupandisha ghorofa ya pili, kwa dada wawili. Nitakuja mwenyewe jioni. Likiwa limefika, utaita mpaka siku zako ziishe, na mimi sitakuuliza tena. Likiwa halijafika, keshokutwa itaita winchi."

Kengele akarudi nyumbani, akala bila kuongea. Mkewe akatoa pini mdomoni, jambo lililotokea mara chache.

"Na ikishindikana?"

"Nitakuwa mtu anayepiga kelele," akasema.

Kabati lenyewe lilikuwa la mti mgumu, refu, pana, la milango miwili yenye kioo, na chini ya miguu yake palikuwa na magurudumu madogo ya shaba ambayo hayakuwahi kuzunguka tangu marehemu mama yao dada wale alipolinunua. Dada Mkubwa aliishi ghorofa ya pili, Dada Mdogo chini. Mama alipofariki, Mkubwa akasema kabati ni la mkubwa. Mdogo akasema kabati ni la aliyemwuguza mama. Mkubwa hakubishana. Aliagiza wachukuzi waje siku ambayo mdogo wake anakwenda sokoni.

Ngazi za jengo lile zilipita katikati ya kuta mbili, nyembamba, zenye kiza, na zilikuwa na mwangwi: ukikohoa chini, jengo zima linakuuguza. Kundi la Kengele likalaza mbao mbili juu ya vidato, na mtu wao wa msuguano, aliyeitwa Sabuni, akazipaka sabuni ya mche toka mwanzo hadi mwisho. Likainua kabati wima, mlango ukitazama chini na mgongo ukitazama juu, na kuanza kulisukuma. Liliziba njia yote, ukuta kwa ukuta, na kichwa chake kikakaribia dari. Panzi asingepita.

Kengele aliita asubuhi ile kama hajawahi kuita. Kabati likapanda kidato kwa kidato, na adhuhuri lilikuwa limefika katikati. Wakaingiza gogo chini yake, wakaenda kula, wakamwacha Sabuni alinde. Sabuni akalinda kwa macho yaliyofumbwa.

Dada Mdogo akarudi kutoka sokoni. Aliona mlango wake uko wazi, pembe ya chumba nyeupe pale kabati lilipokaa miaka yote, na ngazini, juu, milango ile ya kioo ikimwonyesha uso wake mwenyewe umekasirika. Hakupiga yowe. Alitoka, akapita mtaa wa pili, akakuta kundi la wachukuzi limekaa kivulini, na kwa bahati lilikuwa kundi la Kigingi.

"Kuna kabati limekwama ngazini," akawaambia. "Wale wa asubuhi wameshindwa, wameondoka. Piteni ngazi za nyuma, mlishushe kutokea juu. Na dada yangu akiuliza, mwambieni mnasafisha."

Kwa hiyo Kengele na wenzake waliporudi, wamepangusa midomo, wakaweka mabega upande wa chini na kuondoa gogo, upande wa juu mabega mengine sita yalikuwa tayari yamewekwa.

"Tupo?" akaita Kengele.

"Tupo!" wakaitika wa chini, na ngazi nzima ikaitika pamoja nao, mara mbili ya asubuhi.

Kengele akasisimka mwili. Mwangwi wa jengo ulikuwa umenona. Aliona labda ni kile chakula.

"Tukoje?"

"Kitu kimoja!"

"Haya… pa!"

Kabati likalia *kri*, na halikusogea.

Huko juu, Kigingi alikuwa ameitambua ile sauti tangu neno la kwanza. Nani asingeitambua? Alifikiri: shemeji amesikia niko kwenye kabati gumu, amekuja kuniitia kutoka chini, amesamehe, lakini ni mtu wa kiburi, hawezi kusema. Machozi yakamlengalenga. Angependa kumsalimia, lakini bega lilikuwa kwenye mzigo, na kwenye mzigo hapasemwi. Akasukuma kwa upendo.

Na Kengele, chini, alisikia ndani ya mwangwi sauti moja nzito ya kukwaruza, mfano wa sauti ya shemeji yake. Akajiambia kwamba akizeeka mtu husikia aliowapoteza. Akaita kwa uchungu zaidi. Alipoita kwa uchungu, chini wakasukuma kwa uchungu. Na juu wakasukuma kwa uchungu uleule. Na kabati likakaa pale katikati, limebanwa na uchungu wa pande mbili, linatetemeka kama mtu anayeambiwa njoo na huyu na yule.

"Ni msuguano," akaamua Kengele walipopumzika. "Sabuni, ongeza sabuni."

Sabuni akaongeza. Kule juu, Kigingi naye akawa amewaza hivyohivyo, na akamwaga ndoo ya maji ya sabuni yakateremka uvunguni mwa kabati mpaka yakafika miguuni mwa watu wa chini. Mwito uliofuata, watu kumi na wawili walisukuma kwa nguvu zao zote na miguu yao yote ikarudi nyuma. Walitembea pale walipo, kasi, kama watu wanaowahi treni, mabega kwenye kabati na nyayo zikiteleza, hakuna aliyekwenda popote. Wakavua viatu. Wakamwaga mchanga. Wakaendelea.

Jioni ikaingia na mtoto wa tajiri, amevaa shati safi. Akasimama chini ya ngazi, akatazama kwa muda mrefu.

"Limefika hapa saa ngapi?"

"Mchana."

"Na tangu mchana?"

"Linafikiria," akasema Kengele.

Kijana akapanda vidato viwili, akainama, akasikiliza. "Mzee, hiki kitu hakikukwama tu. Kitu kinachosukumwa hivi na hakisogei, kuna kani inayolingana nayo inakisukuma kurudi. Kuna kitu upande wa pili."

"Upande wa pili kuna hewa na mwangwi."

"Mwangwi hausukumi."

"Huu unasukuma," akasema Kengele. "Nimeuita mwenyewe. Ngoja uone."

Alijua hii ndiyo ya mwisho. Akafungua kifungo cha shati, akapanua miguu, akaita Tupo ile ambayo watu wa mitaa ya mbali walisema baadaye waliisikia, na wengine wakaitika wakiwa vyooni. Mabega kumi na mawili yakaingia kwa mpigo mmoja, hapana aliyewahi, hapana aliyechelewa hata kwa upana wa unywele. Kabati likatoa mlio mrefu, likajipinda kidogo kama mtu aliyegeuza shingo, likakamatana na kuta zote mbili. Kisha kimya.

"Pumzika," akasema Kengele, na sauti ilikuwa imemkauka.

Kila bega likaachia. Gogo halikuwahi kuwekwa, na kabati halikurudi hata ukucha. Katika kimya kile, mwangwi ukakohoa.

"Pole," akasema Sabuni, aliyelelewa vizuri.

"Nimeshapoa," ukajibu mwangwi.

Watu wakatazamana. Kengele akasogea, akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango wa kabati.

"Shemeji?"

"Naam, shemeji."

"Hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Dada yako anakusalimia." Kengele akabandika sikio kwenye ufa. "Unafanya nini huko juu?"

"Nasukuma."

"Unasukuma kwenda wapi?"

"Chini. Na wewe unaita kwenda wapi?"

"Juu."

Maji ya sabuni yalikuwa yanadondoka kidato hadi kidato.

"Basi ndiyo maana," akasema Sabuni.

Hapo dada wawili wakatokea, mmoja juu na mmoja chini, na yaliyosemwa kupitia kabati lile sitayaandika, maana marehemu mama yao alitajwa sana. Mtoto wa tajiri akakaa kwenye kidato, akajishika kichwa. Kengele akamgeukia, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona nini, mzee?"

"Watu kumi na wawili, makundi mawili, hawaonani, hawana habari. Mmoja wao angewahi kidogo, kabati lingekwenda chini. Mwingine angechelewa kidogo, lingekwenda juu. Halikwenda popote mchana kutwa! Nani amewahi kuita hivyo? Hata ukuta wa shule ulisogea zaidi."

Kijana alimtazama kwa huruma ya kweli. "Ni kweli, mzee. Umefaulu kulizuia. Mimi nilikutuma ulipandishe."

Kesho yake ikaita winchi. Walifunga kamba kwenye kabati na winchi ikavuta mpaka ufa ukatokea kwenye ukuta wa jengo, wenye nyumba wakapiga kelele, ikazimwa na kurudishwa uani. Kabati likabaki. Na Kengele akabaki nyumbani, anakaa kwenye kiti karibu na cherehani, anasikiliza sindano. Hakuitwa popote. Mkewe hakumwuliza tena asubuhi anakwenda kupiga kelele wapi, na kule kutoulizwa kulimuuma kuliko swali.

Lakini watu wanaishi kwenye jengo, na watu wanapanda na kushuka. Ngazi za nyuma zilikuwa za chuma kilichooza, na wazee waliziogopa. Baada ya siku chache seremala mmoja mpangaji akafungua milango ya kabati kutoka chini, akaingia, akatoa ubao wa mgongo, akatokea juu. Kuanzia hapo, aliyekuwa anapanda alifungua milango ya kioo, akapita katikati ya nguo za marehemu zilizonukia dawa ya nondo na karafuu, akatokea upande wa pili, na kufunga nyuma yake kama mtu mwenye adabu.

Tatizo lilikuwa moja. Kabatini hapapishani watu wawili. Mwenye ndoo ya maji alikutana humo na mwenye kikapu cha nguo, kila mmoja akasukuma upande wake, na somo la kani likaanza upya kila asubuhi. Siku moja mpangaji mnene na mgeni wake walikaa humo hadi chai ikapoa pande zote mbili. Ndipo Dada Mkubwa na Dada Mdogo, ambao hawakuwa wamesemeshana, kila mmoja kwa njia yake akapata wazo lilelile, na mmoja akaenda kwa Kengele na mwingine akaenda kwa Kigingi.

Hivyo shemeji wawili wakapata kazi tena. Kengele alikaa kwenye kigoda upande wa chini wa kabati, Kigingi kwenye kigoda upande wa juu.

"Hodi kabatini!" aliita Kengele.

"Karibu! Yupi?"

"Mama mwenye mtoto mgongoni, na sufuria!"

"Mlete! Huku nimezuia watatu!"

Na Kigingi kweli alizuia, kwa kipande cha gogo alichokiweka mlangoni, hapiti mtu mpaka Kengele aite. Wakabishana mchana kutwa kupitia nguo za marehemu nani kati yao ndiye hasa anayewapitisha watu, na hawakukubaliana hata siku moja, na walifurahi sana. Wachukuzi wa zamani, waliokuwa wamenyang'anywa mizigo na winchi, walikuja kukaa vidatoni kuwasikiliza. Bibi harusi alipita mle, akatoka na kidonge cha dawa ya nondo kimenasa kwenye shela kama hirizi. Dada wawili wakawa wanatundika nguo zao, huyu upande huu, yule upande ule, na bila kukubaliana wakaanza kuazimana. Mke wa Kengele alileta chakula cha mchana, akapitisha sahani ya kaka yake kabatini, na siku moja, akiwa na pini midomoni, akasema:

"Naona leo una samaki."

Ingekuwa dunia ya zamani ingeendelea hivyo. Lakini dunia ilishapata tingatinga. Ule ufa wa winchi ulikua mwaka hadi mwaka, mpaka wakaja watu wenye kofia ngumu, wakautazama ufa, wakalitazama kabati, wakaandika kwamba jengo livunjwe. Wapangaji wakatawanyika. Mahali pale leo pana jengo la vioo lenye lifti, ambamo watu wanasimama pamoja wakitazama namba na hakuna anayesema hodi.

Siku ya kuvunja, Kengele alikwenda. Magoti yalikuwa yameshamwacha, alitembelea fimbo. Akawakuta wote wamekuja bila kuambiana: Kigingi mwenye mvi hadi nyusi, Sabuni, wale wa chini na wale wa juu, na dada wawili wameshikana mikono. Tingatinga lilikuwa limeshakula ukuta mmoja wa ngazi. Kabati lilisimama palepale katikati ya ngazi, ubavu mmoja hewani, milango ya kioo ikimeta juani.

"Wataliponda," akasema Dada Mdogo. "Kabati la mama."

Dereva wa tingatinga, aliyeziba masikio, aliinua vidole: amewapa dakika chache, akavuta sigara.

Wazee wale walipanda kwa upande wa nyuma, wakajipanga nyuma ya kabati, safari hii kumi na wawili wote upande mmoja. Hata Kigingi aliweka bega, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akalitupa gogo lake kando. Kisha wakageuza nyuso na kumtazama Kengele aliyesimama chini kando ya njia. Wakangoja.

"Tupo?" akaita. Sauti ilitoka imepasuka, lakini ilikuwa ileile.

"Tupo!"

"Tukoje?"

"Kitu kimoja!"

"Haya… pa!"

Safari hii kabati halikufikiria. Lilikwenda. Ukuta mmoja haukuwepo tena wa kulikamata, mbao zilikuwa bado na sabuni ya miaka ile, na hapakuwa na mtu upande wa pili. Liliteremka ngazini kwa heshima, likatua uani, na yale magurudumu ya shaba, ambayo hayakuwahi kuzunguka, yakazunguka. Likavuka ua, likatoka getini na kuingia barabarani, na barabara ile ni ya mteremko.

"Kabati la mama!" wakapiga yowe dada wawili kwa sauti moja, wakaanza kukimbia. Wachukuzi nao wakashuka mbio, kumi na wawili, wazee wenye vifua vya kukohoa, wakikimbilia kabati ambalo milango yake ilikuwa inafunguka na kufunga kama linalowaaga, gauni moja la marehemu limetoka nje na kupepea.

Kengele alibaki pale alipo. Mwitaji hakimbii, na magoti yasingekubali. Kooni lilimjaa neno "Simama!" Alijua akiliita watasimama, kila mmoja, papo hapo, kama walivyofundishwa. Kabati halikufundishwa. Lingekwenda peke yake, nao wangebaki katikati ya barabara, wamesimama, wanamtazama wakingoja aseme kinachofuata.

Akalimeza. Kwa mara ya kwanza toka ukuta wa shule, alifunga mdomo na kutazama. Kabati lilikata kona kule chini, dada wakakata kona nyuma yake, kisha wachukuzi, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Kigingi, aliyekuwa amerudi kuokota gogo lake na sasa anakimbia amelikumbatia kifuani, akitafuta pa kuliingiza. Naye akakata kona, na Kengele hakuwaona tena.